Goti la mchezaji wa kike: upasuaji kwanza au mazoezi kwanza?

Majibu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, yamesema ACL, ligamenti ya katikati ya goti, imekatika yote. Daktari wa mifupa anataka kupanga tarehe ya upasuaji. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, anasema muanze na mazoezi, kisha muone. Mama mdogo ana namba ya mzee mmoja anayevuta magoti, na kocha anauliza kama utawahi mzunguko wa pili. Mzee na kocha tuwaweke pembeni kwanza. Njia mbili za juu ndizo zilizopimwa kitaalamu, na ndizo ninazozilinganisha hapa: kupasua mapema, au kuanza na mazoezi huku upasuaji ukibaki akiba.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua naegemea wapi. Binti wa chini ya miaka 25 anayetaka kurudi kwenye soka, netiboli, kikapu au mpira wa mikono, namshauri aelekee upasuaji, ila baada ya wiki kadhaa za maandalizi. Anayetaka kukimbia asubuhi, kuogelea, kuendesha baiskeli na kulea watoto wake, au ambaye bado hajajua kama atacheza tena, aanze na mazoezi kwa miezi mitatu. Na yeyote ambaye hana uhakika wa kumpata fizio baada ya kushonwa, asikimbilie kisu hata kama kuna mtu amejitolea kumlipia.

Kilichokatika

ACL ni ligamenti fupi, yaani kamba ngumu inayounganisha mfupa na mfupa, iliyo katikati ya goti. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na usizunguke kupita kiasi unapogeuka ghafla. Mara nyingi inakatika bila mtu yeyote kukugusa. Netiboli inaonyesha vizuri: unadaka mpira ukiwa hewani, sheria ya hatua inakulazimisha usimame palepale, unatua kwa mguu mmoja uliokaribia kunyooka, goti linaingia ndani kuelekea goti la pili, na unasikia "pa!". Ndani ya saa chache goti limejaa.

Wengi huishia kupigwa eksirei, mfupa unaonekana mzima, wanaambiwa wameteguka tu na kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Eksirei haionyeshi ligamenti. Kinachosaidia hata kabla ya MRI ni mikono ya mtu anayejua: unalala chali, goti limekunjwa kidogo tu, daktari anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha anavuta muundi kuja mbele. Kwenye goti zima kuna mahali unagota. Kwenye goti lililokatika unaendelea kuja, na hakuna mgoto. Afanye na mguu mzima pia, ili apate cha kulinganisha.

Wanawake hupata jeraha hili mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika michezo kama soka na kikapu. Sababu ni mchanganyiko: namna ya kutua, misuli ya nyuma ya paja kuwa dhaifu ukilinganisha na ya mbele, nyonga, nafasi ndogo ndani ya goti ambamo ligamenti inapita. Homoni za hedhi zinatajwa sana mitandaoni, lakini ushahidi wake bado unavutana, na usipange matibabu kwa kuzitegemea. Binafsi naona tunazungumza mno kuhusu nyonga za wasichana na kidogo mno kuhusu mazingira yao: viatu vilivyotengenezwa kwa umbo la mguu wa kiume, kiwanja wanachopewa wakati wanaume wameshamaliza, na chumba cha mazoezi ya nguvu wanachokiona kwa nadra.

Wala si tatizo la klabu zisizo na fedha peke yake. Arsenal ya wanawake iliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither kwa jeraha hilihili kati ya Novemba 2022 na Mei 2023.

Wiki za mwanzo, njia ni moja

Hapa wengi hupoteza usingizi bure. Katika wiki tano au sita za kwanza, anayekwenda kupasuliwa na asiyekwenda wanafanya kazi ileile: kuondoa uvimbe, kulinyoosha goti mpaka mwisho, kuamsha misuli ya paja na kutembea bila kuchechemea. Goti likipasuliwa likiwa limevimba na halinyooki, linaweza kukakamaa, na goti lililokakamaa ni balaa kuliko goti lisilo na ACL. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri, si lazima iwe ni uzembe wa hospitali.

Mambo machache hayasubiri. Goti likijifunga likagoma kunyooka kabisa, kuna uwezekano kipande cha meniskasi, yaani ule mto wa gegedu ulio kati ya mifupa, kimekunjika na kukwama katikati. Hilo linataka upasuaji mapema, maana meniskasi inayoshoneka leo inaweza isishoneke baada ya miezi mitatu. Vivyo hivyo pale ligamenti mbili au zaidi zilipokatika kwa pamoja, au mguu ukiwa wa baridi na ganzi. Huo wa baridi na ganzi ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Na kuchua? Kupaka mafuta juu ya ngozi hakumuui mtu. Kulivuta na kulizungusha goti lenye ligamenti iliyokatika ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kila linapoteleza linaweza kuitafuna meniskasi iliyokuwa imesalimika. Mama mdogo mshukuru kwa upendo wake, namba usiipige.

Njia mbili, bega kwa bega

Jaribio linalotajwa kuliko yote lilifanyika Sweden na matokeo yake kutolewa mwaka 2010. Watu 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wote ACL zimekatika karibuni, waligawanywa kwa kura: nusu wakapasuliwa mapema na kufanya mazoezi, nusu wakaanza na mazoezi wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye kama goti lingewasumbua. Baada ya miaka miwili, maumivu, utendaji wa goti na ubora wa maisha havikutofautiana kati ya makundi hayo. Katika kundi la mazoezi, 39% walikuwa wameshaomba kupasuliwa kufikia miaka miwili, na 51% kufikia miaka mitano. Uholanzi nao walitoa lao mwaka 2021 kwa wagonjwa 167: waliopasuliwa mapema walikuwa na alama za juu kidogo za hali ya goti, tofauti ndogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe huenda asiihisi, na nusu ya walioanza na mazoezi waliishia kupasuliwa ndani ya miaka miwili.

Wapenda mazoezi husoma takwimu hizi na kusema: unaona, nusu walikwepa kisu. Wapasuaji husoma zilezile na kusema: unaona, nusu walirudi kwetu. Wote wanasoma sawa. La kuongeza ni kwamba jaribio la Sweden halikuwachukua wachezaji wa kulipwa, na wengi wa washiriki walikuwa wanaume. Msichana wa miaka 19 anayecheza kiungo kila Jumapili hayumo vizuri ndani ya takwimu hizo, na ndiyo maana kwake siegemei nusu kwa nusu.

Jaribio la tatu, la Uingereza, lilitolewa mwaka 2022 na lilihusu watu 316 ambao jeraha lao lilikuwa la muda na goti bado linawaachia, yaani linalegea ghafla wakikanyaga au kugeuka. Kwa hao, waliopasuliwa walipata nafuu zaidi ya waliopewa mazoezi. Kwa hiyo kama mwaka umepita, umeshafanya mazoezi ya kweli, na bado ukigeuka jikoni goti linaachia, kuendelea kusubiri hakukusaidii.

| | Upasuaji kwanza | Mazoezi kwanza |
|---|---|---|
| Inamfaa zaidi | Mchezaji kijana wa michezo ya kugeuka na kuruka. Mwenye meniskasi ya kushonwa. Anayeachiwa na goti katika shughuli za kawaida | Asiyerudi kwenye mashindano ya kugeuka. Mwenye goti tulivu baada ya wiki chache. Anayehitaji muda wa kuamua |
| Muda kabla ya mchezo | Miezi 9 hadi 12, mara nyingine zaidi | Miezi 3 hadi 6 kwa michezo ya mstari mnyoofu. Ya kugeuka ni kwa vipimo |
| Hatari kuu | Maambukizi, damu kuganda mguuni, goti kukakamaa, kipandikizi (kano inayowekwa badala ya ACL) kukatika | Goti kuachia na kuumiza meniskasi. Muda kusogea kama mwishowe utapasuliwa |
| Gharama kubwa iko wapi | Upasuaji, kisha fizio ya miezi mingi | Fizio ya miezi mingi |
| Ukibadili mawazo | Haurudi nyuma | Unaweza kupasuliwa baadaye |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaonifanya niwaambie wasio na haraka waanze na mazoezi. Ila kubadili mawazo kuna mwisho wake. Ukiona goti limekuachia zaidi ya mara moja huku unafanya mazoezi ipasavyo, hiyo ndiyo alama. Usijihesabie "mara moja tu tena".

Kuna jambo ambalo njia zote mbili hazikuahidi. Watafiti wa Sweden waliwafuatilia wanawake wachezaji wa soka miaka 12 baada ya kukatika ACL, wastani wa umri wao ukiwa 31 tu. Waliopigwa eksirei, 82% walikuwa na mabadiliko ndani ya goti, na 51% walishafikia kiwango cha goti kusagika. Waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakutofautiana katika hilo. Akikuambia mtu upasuaji utakukinga goti lisisagike uzeeni, anakuuzia zaidi ya kilichopo dukani. Uzito wa mwili, nguvu ya paja na kuilinda meniskasi ndivyo vilivyo mikononi mwako.

Je, ACL inaweza kujiunga yenyewe? Zamani jibu lilikuwa hapana. MRI za washiriki wa lile jaribio la Sweden zimeonyesha kwamba baadhi ya waliofanya mazoezi bila kupasuliwa ligamenti zao zilionekana kujishika tena. Australia wamejaribu kulifunga goti kwa bresi, kifaa cha kulishikilia lisisogee, likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki nne, na matokeo ya wagonjwa 80 wa kwanza, yaliyotolewa 2023, yalitia moyo, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Goti lililofungwa hivyo linaweza kugandisha damu mguuni, kwa hiyo usijifungie nyumbani kwa kuangalia video.

Ukichagua kisu: kipandikizi kitoke wapi?

ACL iliyokatika kwa kawaida haishonwi. Inatengenezwa mpya kwa kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, inayotolewa mahali pengine mwilini mwako, kupitia upasuaji wa matundu madogo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) pale Dar es Salaam ni mojawapo ya sehemu zinazoufanya. Watu wengi huulizia bei na tarehe, wakasahau kuuliza kano itatolewa wapi, wakati swali hilo litawafuata kila siku ya maisha yao.

Chaguo la kwanza ni kano ya chini ya pia ya goti, inayotolewa na vipande vidogo vya mfupa kila upande. Inashika mapema kwa sababu mfupa unaungana na mfupa, na kwa vijana wa michezo mizito hukatika kwa nadra zaidi. Shida yake ni maumivu ya mbele ya goti, hasa unapopiga magoti. Vitabu vingi vya kitabibu vimeandikwa na watu ambao kupiga magoti kwao ni jambo la kufunga kamba za viatu. Kwa dada anayesujudu swala tano, kwa binti wa Kiganda au Kihaya anayepiga magoti kusalimia wakubwa, kwa anayepalilia na kudeki, hili ni suala zito. Mwambie daktari waziwazi: "Mimi napiga magoti kila siku." Asipojua, atakupangia kama mtu wa kiti na meza.

Chaguo la pili ni kano za misuli ya nyuma ya paja. Kovu ni dogo, kupiga magoti hakusumbui sana, na ndilo ambalo wapasuaji wengi wamelizoea. Lakini misuli hiyohiyo ya nyuma ndiyo inayoisaidia ACL kuuzuia muundi usiende mbele, na kwa wachezaji wa kike mara nyingi ndiyo iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo. Ukiitolea kano unapunguza nguvu ya kukunja goti mpaka mwisho, ile unayoitumia kuchuchumaa chooni au kukimbia kwa kasi kubwa. Kwa wasichana wadogo wanaorudi uwanjani, kipandikizi hiki hukatika zaidi kuliko cha kwanza.

Hapo pana nyongeza inayostahili kuulizwa. Jaribio la vijana 618 wa miaka 14 hadi 25, matokeo yake ya mwaka 2020, liliongeza kwenye kipandikizi cha nyuma ya paja ukanda mwembamba unaokazwa upande wa nje wa goti ili kuzuia mzunguko. Kukatika kwa kipandikizi kulishuka kutoka 11% hadi 4% ndani ya miaka miwili. Kama goti lako ni lenye kulegea sana, au viungo vyako vyote vinapinda kupita kawaida, uliza kuhusu ukanda huo kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu ukiwa juu ya meza hutauliza chochote.

La tatu ni kano ya juu ya pia ya goti, ya misuli ya mbele ya paja. Ni nene, haileti maumivu mengi ya kupiga magoti kama ile ya chini, na umaarufu wake unakua. Nguvu ya mbele ya paja huchelewa kurudi, na si kila mpasuaji ameifanya mara nyingi. Ningekuwa namchagulia mdogo wangu anayecheza beki na anayeswali, ningeanza kuulizia hii. Mpasuaji akisema yeye ana uzoefu na nyingine, ningesikiliza uzoefu wake, kwa sababu mkono uliozoea una uzito kuliko jina la kano.

Kano ya mtu aliyefariki, kwa mchezaji kijana, iache. Kwa umri huo hukatika zaidi.

Miezi sita au tisa?

Huu ni ulinganisho mfupi kwa sababu jibu liko wazi, na bado ndio unaovunjwa kila msimu. Kipandikizi kikishawekwa hudhoofika kwanza kabla ya kuimarika, kwa kuwa mwili unakijengea mishipa mipya ya damu. Mwezi wa nne goti haliumi, halijavimba, unakimbia vizuri, na ndani yake kipandikizi bado ni kichanga. Hapo ndipo kocha anapopiga simu.

Utafiti wa Norway na Marekani uliotolewa 2016 uliwafuatilia wachezaji 106: kila mwezi waliosogeza mbele kurudi uwanjani, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takribani nusu. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, takribani 23% huumia ACL tena, goti lilelile au la pili. Megan Rapinoe, mchezaji wa soka wa Marekani, alikatika goti la kushoto mwaka 2006, akakatika tena goti hilohilo 2007, na akalikosa Kombe la Dunia la mwaka huo na Olimpiki ya 2008.

Alexia Putellas, kiungo wa Hispania, aliumia Julai 2022, siku moja kabla ya michuano ya Ulaya kuanza, akarudi uwanjani mwisho wa Aprili 2023, na Agosti alibeba Kombe la Dunia na Hispania. Hiyo ni karibu miezi kumi, kwa mchezaji mwenye madaktari wa Barcelona wakimzunguka. Sam Kerr, mshambuliaji wa Australia, aliumia Januari 2024 na hakucheza tena mpaka Septemba 2025. Ukiona hao, miezi sita kwa binti anayefanya mazoezi peke yake baada ya kazi inatoka wapi?

Kalenda peke yake haitoshi vilevile. Nguvu ya paja lililoumia ifike angalau 90% ya mguu mzima, ipimwe na mashine au kwa uzito, si kwa macho. Kuruka kwa mguu mmoja kulingane. Weka simu mbele yako, ruka kutoka kwenye benchi fupi, utue, kisha itazame video polepole: goti likiingia ndani, bado. Na kichwa nacho kiwe tayari. Katika tafiti zilizokusanywa pamoja, takribani 55% tu ndio waliorudi kwenye mashindano baada ya upasuaji, na hofu ya kuumia tena ilichangia. Anayesema "naogopa" hajadeka.

Fedha ziende wapi

Familia huchangishana kwa ajili ya upasuaji. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, watu wanatuma, siku inafika, picha za bandeji zinapostiwa. Mwezi wa pili nauli ya kwenda fizio mara mbili kwa wiki inakosekana na hakuna anayechangia, kwa kuwa hakuna picha ya kuonyesha. Goti linakakamaa likiwa limekunjwa kidogo, paja linasinyaa, na laki kadhaa zimepotea.

Kwa hiyo gawanya bajeti kabla hujapanga tarehe. Ulizia bima yako, iwe NHIF, SHA au ya kampuni, inalipa vikao vingapi vya fizio na siyo upasuaji tu. Kama umeajiriwa na klabu, omba ahadi hiyo kwa maandishi. Kama fizio yuko mbali, muombe akupe programu ya wiki mbilimbili ya kufanya nyumbani, umwone kwa vipimo. Mengi hayahitaji mashine. Zoezi la wiki ya kwanza baada ya upasuaji ni hili: kaa kitandani, weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, bana msuli wa paja kana kwamba unataka nyuma ya goti iguse godoro. Ukiona pia ya goti inapanda kuelekea paja, msuli umeamka. Siku za mwanzo haipandi. Unabana, unatoka jasho, imetulia tu pale. Endelea kila saa, itapanda.

Akiwa na miaka 13

Wazazi wa watoto wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, mnisikilize hapa. Mtoto ambaye bado anarefuka ana sehemu laini za kukuza mfupa karibu na goti, na kutoboa hovyo pale kunaweza kupindisha mguu. Hilo halimaanishi asipasuliwe. Linamaanisha apelekwe kwa mpasuaji anayefahamu magoti ya watoto, na asicheze michezo ya kugeuka wakati mnasubiri. Mtoto anayeambiwa "pumzika kidogo" kisha anaonekana uwanjani wiki ya tatu anaimaliza meniskasi yake.

Wadogo zake na wenzake wa timu wana njia rahisi zaidi. Sweden iliwafuatilia wasichana 4,564 wa soka wenye miaka 12 hadi 17. Timu zilizofanya dakika 15 za mazoezi ya goti na ya kutua, mara mbili kwa wiki wakati wa kupasha mwili, zilipata majeraha ya ACL pungufu kwa 64%. FIFA nayo ina programu yake ya kupasha mwili, 11+, isiyohitaji vifaa zaidi ya mipira na koni. Aliyekwisha kuumia anaihitaji kuliko wote, kwa sababu goti lake la pili nalo sasa liko hatarini.

Ukienda kliniki, nenda na mtu wa kusikiliza pamoja nawe, na uulize haya kabla ya kusaini: meniskasi yangu ikoje, na je, inashoneka? Umepasua ACL ngapi mwaka uliopita, na kano unayoizoea ni ipi? Mimi napiga magoti na kuchuchumaa, hilo linabadilisha nini? Nani atanipima nguvu ya paja mwezi wa sita na wa tisa? Na wiki ya tatu goti likigoma kunyooka, nimpigie nani, kwa namba gani?